Maji ya Kundi D

Kitu cha kwanza Letisia alichokigundua ni kwamba kiriba namba kumi na tisa hakikuyumba.

Kila asubuhi alifagia kati ya safu za kitalu, na kila asubuhi ncha ya ufagio iligonga viriba vya pembeni, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Kiriba chenye udongo mbichi kikigongwa hutulia, kwa sababu ni kizito. Kiriba kikavu huyumba, na kingine huanguka kabisa. Namba kumi na tisa kilikuwa cha kundi D, na kundi D halikuwa limepata maji tangu katikati ya Juni. Kilipaswa kuyumba. Aliweka ufagio chini, akakishika kwa vidole viwili, akavuta. Kilikuwa kimeshikwa kwa chini. Akakiacha, akamalizia kufagia.

Kitalu kiko Gehandu, juu kidogo ya barabara, mahali ambapo mtu akisimama anauona mlima Hanang wote. Ni cha mradi wa miti ambao ofisi yake iko Mbulu. Mwaka ule mradi ulitaka kujua mche wa mgunga unakuaje mvua inapokosekana, kwa hiyo miche mia moja na sitini iligawanywa makundi manne. Kundi A lilimwagiliwa kila siku. Kundi B kila baada ya siku nne. Kundi C kila baada ya siku nane. Kundi D, baada ya miche kuota na kushika, halikumwagiliwa tena. Viriba vya D havikuruhusiwa kuinuliwa wala kuhamishwa. Miche yake ilipimwa tu, kila Jumatatu.

Letisia ndiye aliyepima. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko ya wafanyakazi wengine, ndiyo maana Bryson, afisa misitu aliyepangiwa huko kutoka Tabora, alimpa rula. Yeye alisoma, Bryson aliandika. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake mengi ya wiki nzima. "Sentimita kumi na moja. Majani manne. Sentimita kumi na moja. Majani matatu." Nje ya hayo hakuwa msemaji. Kijijini ilijulikana kwamba hakumaliza shule ya msingi kwa sababu kichwa chake kilikuwa kizito, na kwa kuwa hakuwahi kubisha, ilibaki hivyo.

Miche ya D ilikuwa imeacha kurefuka. Ilidondosha majani ya chini, ikabakiza machache, madogo na magumu, yaliyojifunga jua likipanda na kufunguka asubuhi. Bryson alisema mgunga ndivyo ulivyo. Ukikosa maji unaacha habari za juu, unashughulikia mizizi.

"Ni kama mtu anayejenga," alisema. "Msingi kwanza. Ukuta utasubiri."

"Ndiyo," alisema Letisia.

Alhamisi ya wiki hiyo mzizi ulifika nyumbani kwao.

Nyumbani kwao ni Bondeni, kitongoji cha chini, mwendo wa saa moja kutoka kitaluni. Kina nyumba thelathini na nane na hakina bomba. Maji yanachotwa kwenye visima vya mchanga huko korongoni, saa moja kwenda, na saa moja na nusu kurudi kwa sababu ya mzigo. Judica, mama yake Letisia, alikuwa anasonga ugali wakati mzizi ulipotokeza kwenye sakafu ya udongo, kando ya madumu. Ulikuwa mwembamba kama penseli, una rangi ya chai ya maziwa, na ncha yake ilikuwa nyeupe. Uliinuka kiasi cha kiganja kimoja, ukasimama hapo.

Judica aliutazama. Aliendelea kusonga hadi ugali ukaiva, akaufunika, akafuta mikono.

"Umetoka mbali," aliuambia. Kisha akamgeukia binti yake mdogo. "Paskalina, mpe mgeni maji."

Huko mgeni anapewa maji kabla ya kuulizwa shida yake. Hakuna aliyewahi kusema kwamba desturi hiyo ni ya watu peke yao. Paskalina, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alichota kikombe kimoja akakiweka chini. Mzizi uliingiza ncha, na maji yakashuka polepole mpaka yakaisha. Halafu ukalala sakafuni, na familia ikala.

Asubuhi Letisia alienda kazini kwa njia tofauti. Nje ya nyumba yao kulikuwa na mstari wa udongo ulioinuka kidogo, kama njia ya fuko, naye aliufuata. Ulikata shamba la mbaazi, ukapita nyuma ya kanisa la kigango, ukafika kwenye makaburi ya ukoo wao. Hapo ulikuwa umezunguka kwa upande wa chini bila kukanyaga kaburi hata moja, kisha ukarudi kwenye njia yake. Ulipanda kilima moja kwa moja na kuishia kitaluni, chini ya kiriba namba kumi na tisa.

Kufikia Jumapili kila nyumba ya Bondeni ilikuwa na mzizi wake. Miche ya D ilikuwa arobaini na nyumba ni thelathini na nane, kwa hiyo nyumba mbili zilipata mizizi miwili. Moja ilikuwa ya Bibi Marieta, anayeishi peke yake.

"Nimezaa wawili, wote wako Arusha, hawajaja tangu Pasaka ya mwaka juzi," aliwaambia watu baada ya misa. "Sasa hawa wawili wamekuja bila kuitwa. Angalau wanafika."

"Wangu ni mmoja na ananitosha," alisema Alfredi, jirani yake. "Ila namsifu kitu kimoja. Shemeji yangu akishakunywa maji huuliza kama kuna chakula. Huyu hulala."

Alfredi huyo huyo, wiki mbili baadaye, alichoka. Mzizi wake ulikuwa umepanda kutoka kikombe hadi jagi, na yeye ana ndama wanne. Aliufunika kwa sufuria kuukuu na kuweka jiwe juu. Mzizi ulitoka nje ya nyumba, ukasimama mlangoni juani. Haukugonga wala kusukuma chochote. Watu waliokuwa wakipita waliuona umesimama pale, wakamsalimia Alfredi, wakautazama tena mzizi, wakapita. Siku ya tatu mke wake alisema yeye hawezi kuishi katika nyumba inayoacha mgeni nje mbele ya macho ya watu. Alfredi akaondoa jiwe.

Mvua za vuli zilikuwa bado, na mwaka ule hazikuonekana kabisa. Jinsi ardhi ilivyokauka ndivyo mizizi ilivyohitaji zaidi, na kufikia mwisho wa Septemba kila mmoja ulikunywa dumu zima la lita ishirini kwa siku. Nyumba ya Judica ilizoea madumu matatu. Sasa yalitakiwa manne. Letisia alikuwa kazini hadi saa tisa. Judica alikuwa na mgongo unaouma. Aliyebaki ni Paskalina, na Paskalina alikuwa darasa la sita.

"Jumatano tu," alisema Judica. "Jumatano hawasomi kitu cha maana."

Letisia aliijua sentensi hiyo. Yake ilikuwa imeanza na Ijumaa. Baada ya Ijumaa ikaja Alhamisi, na baada ya muhula mmoja hazikubaki siku.

"Nitaenda mimi," alisema.

"Saa ngapi, na wewe uko kazini?"

"Kabla ya kazi."

"Mpaka lini?"

Swali hilo Judica alilijibu mwenyewe. Mradi uliwaahidi Bondeni bomba, na bomba lingefika mwishoni mwa mwaka. Likifika, sawa. Lisipofika, Januari Paskalina hatarudi shuleni, kwa sababu Letisia hawezi kubeba miaka yote, siku moja ataolewa.

Basi aliamka saa kumi alfajiri, siku baada ya siku. Alishuka korongoni, akafukua mchanga, akasubiri maji yajikusanye, akajaza dumu, akalifunga mgongoni kwa kamba na kupanda. Alilimimina ndani ya ndoo mbele ya mzizi, ambao huamka kunywa jioni, akanawa uso, akaenda kitaluni. Paskalina alienda shule Jumatano zote za Oktoba.

Jumatatu moja, baada ya kupima mche wa mwisho, Letisia hakumrudishia Bryson rula.

"Shikamoo," alisema, ingawa walikuwa wameshasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Miche ya D inakunywa."

Bryson alipiga goti, akachungulia chini ya kiriba. "Mizizi imetoka," alisema. "Kwa kawaida tunaikata. Lakini kundi D haliguswi. Imefika wapi?"

"Kwetu."

Alitoa pikipiki, akampakia, wakaufuata mstari hadi Bondeni. Ilikuwa kilomita nne na mita mia tatu. Judica alimkaribisha ndani na kumpa maji, kwa kuwa naye ni mgeni, na kwa kuwa saa ya mzizi ilikuwa imefika, akaupa na wenyewe. Wote wawili walikunywa. Bryson alishukuru, akatoa fomu kwenye mkoba, akaisoma mbele na nyuma.

"Hapa pana urefu, idadi ya majani na unene wa shina," alisema. "Mizizi iliyo nje ya kiriba haina nafasi."

"Na maji?" aliuliza Letisia.

"Maji yana nafasi. Kundi D ni sifuri."

"Lakini umeona."

"Nimeona yananywewa huku. Kule kitaluni hayajamwagwa. Fomu inauliza tulichomwaga sisi." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mwangalifu, na alionekana kusikitika kwamba karatasi ilikuwa imeshachapishwa.

"Hiyo sifuri akabebe yeye," alisema Judica pikipiki ilipoondoka, akarudi kwenye sufuria yake.

Tangu wiki hiyo Letisia aliongeza neno. Alipima kama kawaida, akasoma kwa sauti ile ile ya chini. "Sentimita kumi na moja. Majani manne. Dumu moja." Akahamia mche unaofuata. "Sentimita kumi na moja. Majani matatu. Dumu moja." Alisema hivyo mara arobaini. Bryson aliandika urefu, akaandika majani, akasubiri amalize. Jumatatu iliyofuata alisema tena mara arobaini, na iliyofuata tena. Wafanyakazi wenzake walizoea, wakawa wanamwita Dumu Moja. Hakuwakataza, wala hakuacha.

Novemba pampu ya kitalu iliharibika, na fundi alikaa siku kumi na moja bila kutokea. Kundi A, ambalo lilikuwa limefika magotini kwa urefu na lenye majani mapana, lilianguka siku ya nne. Mizizi yake ilikuwa mifupi na myeupe, imejikunja ndani ya kiriba, kwa sababu haijawahi kutafuta kitu. Katika kundi B ilibaki robo, katika kundi C nusu. Kundi D lilibaki lote, miche arobaini, sentimita kumi na moja.

Taarifa ilienda Mbulu, na Mbulu ilifurahi. Wiki mbili baadaye mkuu wa mradi, Ernestina, alikuja Gehandu mwenyewe na watu wake wawili. Mkutano ulifanyika katika darasa moja la shule ya msingi. Wageni walikaa mbele na chupa zao za maji, pamoja na Theodory, mwenyekiti wa kijiji, na Kasian, mtendaji, aliyekuwa akiandika muhtasari. Watu wa Bondeni walifika mwisho kwa sababu ya umbali, wakakaa nyuma. Judica alikaa na Bibi Marieta. Letisia alikaa ukutani, karibu na mlango, mahali anapokaa siku zote.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema Ernestina.

"Marahaba," walijibu.

Alikuwa mama mpole, na alisoma taratibu ili watu wamwelewe. Alisema duniani kote watu wanatafuta mche unaostahimili ukame, na Gehandu imeupata. Alisema mche huu haukuhitaji tone.

"Mama, samahani," alisema Alfredi kutoka nyuma. "Wa kwangu anakunywa kuliko ndama."

Watu walicheka. Ernestina naye alicheka. "Mzee ana utani mzuri," alisema, akafungua ukurasa wa pili.

Wakati huo mzizi mmoja ulitokeza katika ufa wa sakafu, karibu na kiatu chake. Ilikuwa saa yake, na wenyeji wake walikuwa mkutanoni. Uliinuka, ukasimama kando ya meza. Ernestina aliuona. Alikuwa amelelewa vizuri, na bila kukatisha kusoma alifungua chupa yake, akamimina maji kwenye kifuniko, kisha, alipoona kifuniko hakitoshi, akaishusha chupa yenyewe chini na kuishikilia ikiwa imeinama. "Asilimia mia moja ya miche," alisoma, "imeishi kwa miezi mitano bila maji yoyote." Mzizi ulimaliza chupa. Msaidizi wake akampa nyingine.

Kisha akafika kwenye bomba. Alieleza kwamba fedha ni za bomba moja tu. Kwa kuwa imethibitika kwamba ardhi ya huku inaweza kukuza mti kwa sifuri, na kwamba miche iliyokufa ni ile iliyozoea maji, busara ilikuwa kuwasaidia wale wasioweza kuvumilia. Bomba lililokuwa liende Bondeni litaishia kitaluni, kwa ajili ya kundi A jipya.

"Kwa kweli tumejifunza uvumilivu kutoka kwenu," alisema, na alimaanisha.

Watu wa Bondeni walipiga makofi kidogo, kwa adabu. Judica hakupiga. Alikuwa anamtazama Paskalina kupitia dirishani, akiwa nje na wenzake wa darasa la sita, wanaruka kamba wakisubiri darasa lao liachwe wazi wachukue madaftari. Aliinama kwa Bibi Marieta.

"Basi ndiyo hivyo," alisema. "Januari nitamtoa. Bora huyu mdogo hana kichwa kizito kama dada yake, atazoea haraka."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini darasa lilikuwa kimya, na Letisia alisikia.

Mtaro ulichimbwa wiki iliyofuata. Uliteremka kutoka tangi la juu, ukapita kando ya barabara na kuishia kitaluni, na mahali ulipokutana na mizizi mafundi waliinua majembe, wakapisha, wakaendelea mbele. Miche ya D haikuweza kuhamishwa, ipo pale hadi leo. Bryson alihamishiwa kituo kingine. Saa kumi na moja jioni mizizi inaamka Bondeni, nyumba kwa nyumba, na inapewa maji ya korongoni kama kawaida. Katika fomu mpya, iliyochapishwa Mbulu kwa rangi, sehemu ya maji ya kundi D imeshajazwa sifuri kabla haijafika kijijini, ili kuwapunguzia kazi wapimaji.

Muhtasari wa mkutano ule unasema kwamba mwenyekiti aliuliza kama kuna swali, na kwamba hapakuwa na swali. Ni kweli. Kasian ni mtendaji mwaminifu, na Letisia hakuuliza. Alisimama pale ukutani, akaweka mikono nyuma kama wanafunzi wanavyofanya, akangoja mpaka Ernestina alipoinua macho na mama yake alipogeuza shingo.

"Hiyo sifuri ina lita ishirini," alisema. "Naibeba mimi, kila siku, na nitaendelea kuibeba, kwa sababu mgeni hanyimwi maji. Lakini Paskalina hatoki shuleni. Sio Januari, sio Jumatano."

Kasian alishika kalamu bila kuandika. Theodory alikohoa. Letisia alikuwa bado hajakaa. Alimtazama Judica, na aliposema tena alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kusomea rula.

"Na mimi sikushindwa kusoma, Mama. Siku mliyonitoa nilikuwa wa tatu darasani."